Bata Waijuao Jumapili

Alhamisi, 1 Agosti

Kwa heshima na taadhima, na kwa wote watakaohusika, inatangazwa kwamba leo asubuhi bata bukini wa kijivu, jinsia haijulikani, unene wa kutosha, alipanda juu ya paa la gari la Bwana Fearchar MacCuish wa kisiwa cha Uist ya Kaskazini, akatazama pande zote kama jenerali anayekagua gwaride, akajisaidia, akaondoka zake. Hakuna aliyejeruhiwa. Gari limeoshwa. Mke wa Bwana Fearchar alicheka mpaka akakaa chini.

Hiyo ndiyo habari ya leo. Ninaiandika kwa sababu huyo mke, Seonag, amechoka kunisikiliza. Alisema, "Hasira zako za bata ziandike, mpenzi. Karatasi haina kazi nyingine." Nami ni mtu mtiifu, hasa nikiwa nimeshindwa.

Basi kwa faida ya karatasi: bata hawa hawafugwi na mtu. Hulala ziwani, hula kwangu. Na kwangu ni kipande kimoja cha ardhi kwenye uwanda wa mchanga kando ya bahari, bila ua, kimepakana na kipande cha jirani yangu Torcuil. Zamani kijiji kizima kililima pale. Siku hizi tumebaki wawili, mimi na yeye, na wote wawili tunapanda oti nyeusi ndogo, nafaka ile ya mababu. Oti za dukani zikipandwa kwenye mchanga wetu hugeuka manjano na kufa kabla hazijajua zimefika wapi. Hizi zetu huota. Ila haziuzwi popote. Mbegu ya mwakani ni ile unayoibakiza mwaka huu, na wala haitunziki miaka miwili katika unyevu wa huku. Tukikosa mavuno mara moja tu, sisi sote wawili, basi, zimekwisha duniani.

Bata hawajui hilo. Au wanajua.

Jumamosi, 3 Agosti

Mvua.

Jumatano, 7 Agosti

Mvua na upepo. Asiyelima atasema mvua ni mvua. Ukweli ni kwamba bata hawezi kutua katikati ya oti zilizosimama, zinamchoma tumboni na hana pa kukimbilia. Lakini upepo ukizilaza, hata eneo la ukubwa wa meza, bata wanaona uwanja wa ndege. Anatua mmoja, anaita wenzake, wanakula wakizunguka, na ile meza inakuwa chumba, chumba kinakuwa nyumba.

Leo nina meza tatu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekodi mzinga wa gesi, ule wa kupiga kishindo cha kutishia ndege. Ng'ombe wangu wameruka ua wa zizi. Bata walipaa, wakazunguka, wakarudi.

Jumamosi, 10 Agosti

Bata mmoja amekaa juu ya mzinga.

Bunduki ninayo pia, na ruhusa ninayo. Bata wananifahamu. Wakiniona nimeibeba, hawainui hata vichwa.

Jumatano, 14 Agosti

Nimetengeneza sanamu. Mbao mbili, gunia la majani makavu, kofia, na koti langu la mvua la njano ambalo linaonekana mpaka barabarani. Nilimwita Seonag aje aone. Akaizunguka, akaigusa begani, akasema, "Mmefanana sana. Ila huyu hatoroki kazini."

Na inafanya kazi. Mchana kutwa hawajashuka hata mmoja. Nimekula chakula cha jioni nikiimba.

Jumamosi, 17 Agosti

Torcuil amekuja. Ana miaka sabini na sita, ni mzee wa kanisa tangu mimi nikiwa shuleni, na hata sasa ananiita kijana ingawa nywele zangu zimeshakuwa na rangi ya bata. Alikunywa chai vikombe viwili bila kusema alichojia. Nilijua ni jambo zito. Jambo jepesi huwa ni kikombe kimoja.

Mwishowe aliuliza kesho nitaifanyaje ile sanamu.

Nikasema sitaifanya chochote, kesho ni Jumapili.

"Ndiyo maana nauliza," alisema. "Mzinga wa gesi unauzima Jumamosi jioni, sivyo?"

"Ninauzima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kazi."

"Inafanywa na nani?"

"Na mzinga."

"Kwa faida ya nani, kijana?"

Nilitazama dirishani nikitafuta msaada. Kwetu hapa hata nguo haziachwi kwenye kamba Siku ya Bwana, zisije zikaonekana zinakauka. Nilijaribu kusema kwamba sanamu haifanyi lolote, imesimama tu. Torcuil akasema hata yeye enzi za ujana alilipwa kusimama tu, bandarini, akilinda mizigo, na aliiita kazi, na mwajiri wake pia.

Jioni nikaenda kuilaza sanamu kifudifudi kwenye majani. Nilijiona kama ninamlaza mtoto. Bata walikuwa ukingo wa pili wa ziwa, wakinitazama.

Jumatatu, 19 Agosti

Jumapili siandiki, kwa hiyo naandika leo ya jana.

Wanaijua. Sijui wanaijuaje, labda kwa kukosa kusikia trekta, labda kwa magari yote kwenda upande mmoja saa ile ile. Jana asubuhi tulipokuwa ndani ya basi dogo la kanisa walitupita juu kwa makundi, wakienda tulikotoka. Torcuil, aliyeketi mbele yangu, hakuinua macho. Tuliporudi walikuwa kwake. Usiku wa Jumamosi upepo ulikuwa umezilaza oti zake zote, kutoka mpaka hadi mpaka, na pale hapakuwa tena na meza wala chumba. Palikuwa na ukumbi wa harusi, na wageni wote wamefika.

Alisimama barabarani akiwa na Biblia mkononi akawatazama wakila. Hakupiga makofi hata mara moja. Kisha akaingia ndani kula chakula chake.

Leo tumepita shambani kwake pamoja. Hakuna cha kuvuna. Majani yamekanyagwa, yamejaa mavi, masuke ni matupu. Torcuil aliokota suke moja, akalifikicha, akapuliza, akaangalia kiganja.

"Sasa kimebaki kipande chako tu," alisema.

Nikamwambia nitampa nusu ya mbegu. Akasema kwanza nivune.

Ijumaa, 23 Agosti

Mvua. Meza tano.

Jumanne, 27 Agosti

Amekuja Elspeth, yule mama wa kutoka Inverness anayehesabu bata kila mwaka kwa niaba ya serikali. Ni mtu mwema, ana darubini nzuri na buti nzuri zaidi. Nilimuuliza wako wangapi. Akasema hesabu bado. Nikamwambia mimi yangu ninayo: ni wengi kuliko sisi.

Seonag alimkaribisha chai, Torcuil akafika kama kawaida chai inapomiminwa, na maneno yakaelekea kwenye jina. Sisi kwa Kigaeli tunamwita bata wa kijivu, basi. Wazee wetu hawakupoteza maneno kwa kitu kinachowalia nafaka. Lakini Waingereza wameongeza kipande mwishoni mwa jina, "lag," na Elspeth anasema wengi hudhani maana yake ni yule anayebaki nyuma. Bata wengine wa kijivu huja tu majira ya baridi, na masika yakifika huruka kurudi kaskazini. Huyu haendi. Anatazama wenzake wakiondoka, anabaki, anataga hapa hapa.

"Kijivu aliyebaki nyuma," Seonag alirudia, akanitazama nywele.

Nilichukia. Ndugu zangu wako Glasgow na Toronto, wana vibaraza vyenye vioo, na mimi ndiye niliyebaki na mama, ng'ombe na mvua. Sikuhitaji kushirikiana jina na bata.

Torcuil hakubali kabisa. Bibi yake aliwahi kutumika katika shamba kubwa huko bara, na alisema jina linatokana na mwito wa wachunga bata. Walipoyaswaga makundi ya bata kwenda mnadani waliita "lag, lag, lag," na bata wakafuata. Akatuonyesha. Mzee wa kanisa mwenye miaka sabini na sita, katikati ya jiko langu, akiita bata. Elspeth aliandika kwa heshima zote.

Nikasema ikiwa wanaitikia mwito huo, basi awaite waende kwake. Nilijuta kabla sijamaliza sentensi, maana kwake wamekwisha kwenda. Torcuil akacheka yeye mwenyewe ili nisione aibu, na hapo ndipo nilipoona aibu.

Jumatatu, 2 Septemba

Jana walikula kwangu, upande wa ziwani. Leo nimeisimamisha sanamu tena. Imelowa, imeinama. Imeanza kufanana nami zaidi.

Jumatatu, 9 Septemba

Ya jana, kama ya Jumapili iliyopita. Nimebakiwa na kipande cha katikati ambacho kimesimama, kizuri, kimeanza kuiva. Nilimwambia Seonag kwamba siku sita natoka jasho na siku moja nawaandalia karamu. Akasema mbona hata bata wanapumzika siku sita.

Nimemkasirikia Torcuil wiki nzima. Sikumwambia. Lakini najiuliza ni Mungu gani anayeona vibaya gunia la majani likisimama juu ya mbao mbili. Naandika hivi kwa sababu karatasi haina kazi nyingine.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua.

Jumanne, 17 Septemba

Jua. Nimekata. Mashine ya kufunga miganda ni ya mwaka niliozaliwa na ina tabia zangu, huanza vizuri kisha hukohoa. Torcuil alitembea nyuma yake mchana kutwa akikusanya miganda iliyofungwa vibaya, akaifunga upya kwa mkono, akaisimamisha sita sita, vichwa pamoja, ili upepo upite katikati. Nilimwambia apumzike. Akasema atapumzika Jumapili kama watu wote.

Ni mavuno kidogo. Lakini punje ni nzito. Zinatosha mbegu ya watu wawili, na chenji kidogo ya ng'ombe.

Ijumaa, 20 Septemba

Siku tatu za mvua. Miganda imelowa mpaka moyoni. Ukiiingiza ghalani hivi itaoza na mbegu itakufa. Inahitaji siku moja ya upepo mkavu, au tuseme siku moja na nusu.

Jumamosi, 21 Septemba

Upepo mkavu tangu adhuhuri. Jioni tuliingiza mikono ndani ya miganda, mimi na Torcuil, tukitafuta unyevu kama watu wanaopapasa mfukoni. Bado. Kesho saa sita mchana itakuwa tayari. Kesho ni Jumapili. Redio inasema Jumanne mvua inarudi, kwa hiyo Jumatatu ni lazima, na kati ya sasa na Jumatatu kuna siku nzima ambayo bata wanaijua kuliko mchungaji.

Miganda iliyosimamishwa ni meza iliyokwisha tandikwa. Hawahitaji hata kutua katikati. Wanasimama pembeni na kuvuta.

Nilimuuliza Torcuil waziwazi kama ninaweza kuiacha sanamu imesimama, mara hii moja. Aliitazama miganda, kisha ziwa.

"Hapana," alisema. "Ilaze."

Nikailaza. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliilaza kwa teke.

Jumatatu, 23 Septemba

Tumeingiza. Miganda yote ya katikati, mizima, mikavu. Ya pembeni imeliwa. Mbegu ipo.

Peigi wa dukani alitoka kaunta leo kuja kuniambia usoni kwamba basi zima la kanisa liliiona sanamu yangu jana. Imesimama kwenye miganda, na koti la njano, mikono imetandazwa, mchana kweupe, Siku ya Bwana. Alisema hakutarajia mtoto wa mama yangu afanye hivyo. Nyuma yake kulikuwa na watu wawili wakichagua viazi kwa muda mrefu sana.

Nilisema ndiyo, ilikuwa sanamu yangu, niliiacha.

Sitaandika zaidi leo.

Jumatatu, 30 Septemba

Jana kanisani hakuna aliyeketi kwenye kiti chetu ila sisi. Mchungaji alihubiri juu ya Akani, aliyeficha nyara hemani mwake. Seonag alinikanyaga mguu kila jina lile lilipotajwa.

Vijana wawili wa bandarini wamenipongeza kwa siri. Hilo ndilo lililoniuma.

Leo nimepeleka gunia kwa Torcuil, nusu kama nilivyoahidi. Alikuwa kitandani, ana kifua. Alilifungua gunia, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akauacha humo. Kisha akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kubeba dhambi yake.

"Ilikuwa koti langu," nilisema.

"Koti ni lako. Dhambi ni yangu. Usiniibie, kijana."

Alhamisi, 3 Oktoba

Torcuil ameamka akaenda mwenyewe kwa mchungaji, kwa miguu, na kifua chake, akamwambia kwamba ile Jumapili hapakuwa na sanamu. Ni yeye aliyesimama.

Mchungaji hakumwamini. Alimshika mikono akamwambia upendo wake kwa jirani ni mkubwa, lakini hata uongo wa upendo ni uongo. Kufika adhuhuri kijiji kizima kimesikia kwamba Torcuil, mtakatifu yule, amejaribu kujitwika kosa la Fearchar. Peigi amelia. Wamempelekea supu.

Nilikwenda kumwona. Sijawahi kumwona mtu aliyekasirika hivyo. Alisema ameishi miaka sabini na sita bila kuvunja siku hiyo, ameivunja mara moja, na sasa hakuna anayemruhusu kutubu. Akasema, "Wewe huwezi kuwaambia?" Nikasema nitawaambia. Nilimwambia Peigi, mchana huu. Amesema naongeza dhambi juu ya dhambi, kumsingizia mgonjwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Bata wamehamia shamba la viazi. Mvua.

Kwa kuwa hakuna anayetaka kuusikia, nauandika hapa ukweli wenyewe.

Ile Jumapili kiti cha Torcuil kilikuwa kitupu. Alikuwa ametuma neno kwamba mguu unamuuma. Wakati wa kurudi, basi lilipopanda kile kilima kidogo, sote tuliona njano shambani kwangu. Vichwa vyote vilinigeukia. Seonag alinitazama, nami nilikuwa natazama mahali nilipoilaza ile sanamu jana yake.

Nilishuka nyumbani, nikapita nyuma ya zizi, nikafuata ukuta wa mawe mpaka shambani. Sanamu ilikuwa pale pale nilipoipiga teke, imevuliwa koti na kofia, majani yanatoka kifuani. Na katikati ya miganda alisimama Torcuil. Chini ya koti langu alikuwa amevaa suti ya kanisani na tai. Mikono ameitandaza. Upepo ulikuwa mkali na mikono ilitetemeka, lakini haikushuka. Ng'ambo ya ziwa bata walijaa ukingoni, shingo juu, wakimsoma. Wachache walikuwa wakivuta miganda ya pembeni, na yeye aliwatazama bila kuwafukuza, kwa sababu kupiga kelele kungekuwa kazi.

"Torcuil," nilisema.

"Usinisogelee. Wataona kwamba ni watu," alisema, midomo haitembei.

"Ni wewe uliyeniambia niilaze sanamu."

"Nilikuambia, na bado nasema hivyo. Sanamu haina roho ya kutubia. Mimi ninayo."

Nilimuuliza amesimama tangu saa ngapi. Akasema tangu basi lilipoondoka. Nilimwomba aende nyumbani, nikamwambia ni oti tu, ni chakula cha ng'ombe. Labda alijua kwamba neno hilo mwenyewe siliamini. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nenda ndani, kijana. Chakula kitapoa."

Ningependa kuandika kwamba nilivua koti langu la kanisani nikasimama upande wake wa pili. Wale vijana wa bandarini wangefurahi. Sikufanya hivyo. Nilichungulia barabarani kama kuna mtu, nikainama nyuma ya ukuta, nikarudi nyumbani. Nilikula viazi na nyama ya kondoo, na nikaongeza, maana vilikuwa vitamu. Dirisha la jiko letu linatazama shambani. Mchana kutwa ile njano ilikuwapo. Mara moja mkono mmoja ulishuka, ukakaa chini kidogo, ukapanda tena. Seonag aliuona. Alinimiminia chai nyingine, nami nikainywa.

Mwanga ulipoanza kufifia ile njano ikaondoka pale, polepole, ikisimama kila baada ya hatua chache, ikielekea nyumbani kwa Torcuil.